Bangi ya Kuku

Mama yangu hajawahi kuvuta hata sigara. Naanza na hilo kwa sababu katika korti ya Nyeri imeandikwa kwamba anavuta bangi, tena imetoka kinywani mwake mwenyewe, na mimi nilikuwa nimekaa benchi ya pili nikimsikia.

Ile bangi ilikuwa ya kuku. Kwetu, huku nje ya Karatina, kila mama mwenye kuku anajua: wakianza kusinzia na kuharisha kijani, unaloweka majani yake kwa maji, unawanywesha. Kama inaponya au haiponyi, mimi sijui. Nauza viazi sokoni, si daktari wa mifugo. Mama aliamini. Alikuwa na mmea mmoja nyuma ya banda, ukakauka, akabaki na majani kwenye mkebe wa chai. Majirani walikuja na bakuli akawagawia. Hata mwenyekiti wa chama cha akina mama cha kanisani alikuja na bakuli lake, tena si mara moja.

Hicho chama ndicho kilikuwa maisha ya Mama. Alivishwa kitambaa cheupe cha kichwa kabla sijazaliwa. Alikifua peke yake, hakukichanganya na nguo zingine, akakipiga pasi Jumamosi na kukitundika mahali ambapo sisi watoto hatungefika. Wakiwa na hivyo vitambaa walikuwa wakienda gerezani kuwaombea wanawake waliofungwa, wamebeba sabuni na mikate. Mama hakukosa safari hata moja.

Siku aliyokamatwa, askari walikuja wakimtafuta jirani anayepika pombe ya chang'aa. Jirani alikuwa ameshatoroka, na wao hawakutaka kurudi mikono mitupu, wakaanza kupekua jikoni mwa watu. Wakafungua ule mkebe.

"Shosho, hii si majani ya chai," mmoja akamwambia, kama vile anaongea na nyanya yake.

"Ni bangi," akasema Mama. "Ni ya kuku."

Jamani! Angesema hajui. Angesema iliachwa na marehemu mzee. Lakini huyo ndiye Mama, alidhani ukweli ukishausema, watu wataelewa. Alilala seli na marinda yake ya kanisani, maana walimkuta akijiandaa kwenda kwa mkutano wa maombi.

Wakili tuliyempata alikuwa kijana wa sauti ya chini. Alitueleza sheria nikahisi kizunguzungu. Korti inataka kujua bangi ilikuwa ya nani kutumia. Ukiiridhisha kwamba ilikuwa ya kuvuta wewe mwenyewe, wewe peke yako, adhabu inapungua. Ikiwa ni kwa sababu nyingine yoyote, inapanda, na inapanda vibaya. Kuku hawajatajwa popote.

"Na kugawia majirani je?" nikauliza.

"Hiyo usiirudie hata hapa kwa korido," akasema. "Mimi siwezi kumwambia aseme nini. Nimewaeleza sheria tu."

Akaondoka, akaniachia kazi chafu.

"Mama, sema unavuta."

"Mimi?"

"Wewe. Ama unataka kufia jela?"

"Mungu ananisikia."

"Hakimu pia anakusikia, na huyo ndiye wa kukufunga!"

Nilimfokea mama yangu mbele ya watu wote waliongoja kesi zao, na leo ningemfokea tena.

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Alimwita shosho, akamruhusu aongee akiwa amekaa. Akamuuliza bangi ilikuwa ya nini. Mama akanigeukia. Nikamtolea macho.

"Ya kuvuta," akasema.

"Unavuta tangu lini?"

Hilo hatukuwa tumelipanga. Mama akafikiria.

"Tangu mzee wangu afe."

Watu wakacheka. Hata askari wa mlangoni alicheka. Wenzake wa chama walikuwa wamekuja na vitambaa vyao kumtia moyo, wamejaza benchi moja. Wao hawakucheka. Walitazama sakafu, kisha wakaanza kutoka mmoja mmoja.

Akapewa kazi ya jamii, kufagia uwanja wa ofisi ya chifu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikamnunulia Mama soda. Hakuinywa.

Wiki hiyo hiyo mwenyekiti alikuja na wengine wawili kuchukua kitambaa. Mwenyekiti huyo huyo wa bakuli! Hakukaa, hakunywa chai. Nikamuuliza, "Na kuku wako, wanaendelea aje?" Akajifanya hakunisikia. Mama ndiye aliyekitoa ukutani, akakikunja vizuri, akampa kwa mikono miwili.

Akitaka kurudishiwa kitambaa, walisema, asimame mbele ya kanisa atubu kwamba alivuta bangi.

"Si utubu tu yaishe?" nikamwambia. "Umeshasema mara moja."

"Kortini nilidanganya hakimu. Sasa unataka nidanganye Mungu nyumbani kwake?"

"Basi waambie ukweli."

Nikampigia wakili simu, akashtuka. Kusimama hadharani na kusema alidanganya korti? Mtu mmoja tu apeleke hayo maneno kituoni, kesi inaanza upya, na uongo wenyewe unakuwa kesi nyingine. Kwa hivyo Mama amenyamaza. Jumapili anakaa benchi ya mwisho karibu na mlango, amejifunga leso ya sokoni, na sahani ya ushirika inampita. Mimi siku hizi siingii humo. Nikiingia nitasema kitu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumbani na Mama tukichambua maharagwe, tukasikia nyimbo barabarani. Ni wao, vitambaa vyeupe, wamebeba mikate na mabeseni ya sabuni, wakienda gerezani. Mama akaacha maharagwe akaenda kusimama langoni. Walipita wote. Hakuna aliyegeuza shingo, na mwenyekiti ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo.

Akarudi, akakaa, akachukua ungo wake.

"Wewe," akaniambia, "ungeniacha tu nifungwe."

"Mama! Unasema nini?"

"Huko wangekuja kuniona."