Kitambaa Kilichoondoka na Mshenga

Nikifumba macho bado nauona mchana ule, mwanangu: mzee Maduhu, mshenga aliyekuja kuniposea, anaondoka kwetu Bariadi kwa baiskeli, kitambaa changu cha kochi kimemganda mgongoni. Alikatiza sokoni hivyo hivyo, mananasi yangu ya uzi mweupe yakielekea Lalago. Mwenzake, aliyemfuata kwa baiskeli ya pili, alikitazama, akatutazama sisi, kisha akakanyaga pedali.

Ngoja nianze mwanzo. Ilikuwa miaka ya ruksa. Sukari tuliyoizoea kwa foleni sasa ilijaa madukani, na nyuzi za kila rangi zilining'inia mnadani. Vitambaa vya kawaida nilishavichoka. Nilitaka kroshia ya juu: mananasi yaliyotuna, maua ambayo petali zake zinasimama zenyewe. Mama alikaza vitambaa vyake kwa uji mwepesi wa muhogo. Mimi nikasikia kwa dada mmoja wa Lamadi kwamba wajuzi huloweka kwenye sukari iliyochemshwa. Nikachemsha.

"Mayu," jirani akamwambia mama akipita uani, "siku hizi kwenu hata vitambaa vinakunywa chai?"

Lakini vilisimama, mwanangu! Vikavu, vigumu, ungeweza kuvipigia hodi.

Nilichosahau ni kumwegemeza mtu kwanza, nione jasho litavifanya nini. Mshenga aliendesha baiskeli kutoka Lalago juani, shati limelowa jasho. Akaegemea kochi. Wazee wakabishana juu ya ng'ombe mpaka sukari ikayeyuka, wakaelewana polepole mpaka ikakauka tena. Aliposimama kuaga, kitambaa kikasimama naye.

"Mama, mwambie!" nikanong'ona.

"Nimwambie nini, ng'wanone? Kwamba tumemnasa kama nzi? Wakisusa, utaolewa na hayo mananasi?"

Nilimpenda yule kijana aliyemtuma mshenga. Nikamwacha mgeni aende, na kila siku nikawa nachungulia barabara mpaka jibu lilipokuja: wamekubali, tena wanashukuru sana kwa heshima ya kumvisha mgeni. Yule mwenzake alikuwa amewaeleza nyumbani kwamba ndiyo mila ya ukoo wetu. Nami, kwa furaha ya kuolewa, sikusahihisha.

Basi nakuambia hivi, wewe unayejifunza mishono mipya kwenye simu: jaribu kwanza kwa kipande kidogo. Kiloweshe, kianike, kiegemee wewe mwenyewe kabla mgeni hajakiegemea. Na kikikuaibisha, sema siku ile ile, maana ukikaa kimya watu watajitungia maelezo, na maelezo yao yatazaa watoto. Mungu akupe vidole vyepesi na wakwe wanaojua kucheka.

Mimi nimechelewa kusema. Siku hizi ukoo wa mume wangu wameiiga hiyo mila: kwao mshenga haondoki bila kitambaa mgongoni. Wanakibana kwa pini, na wajukuu wanaapa kwamba ni mila ya mababu. Jumamosi wanapokea posa ya binti yao, nao wameniomba nifume cha mshenga. Uzi wameshaleta. Sijaamua kama nitakifuma au nitawaambia ukweli.