Mkata ua anayengoja kinyonga apate joto

Saa mbili na nusu asubuhi, mtaa wa Elgon View, Nicanor Kituyi amekaa juu ya wilbaro yake, mikono mfukoni. Mkasi wake mrefu, aliounoa jana jioni, umelala kwenye nyasi. Mbele yake ni ua wa kayaba, ule mti wa miiba, wa mita sitini, umechipua ovyo kama kichwa cha mtu aliyemkimbia kinyozi mwezi mzima. Wakata ua wengine wa mtaa huu wameshaanza kutoka jasho. Yeye anaangalia mawingu.

Kwa asiyemjua, huyu ni mvivu aliyekubuhu.

“Mkono wangu bado unataka mfuko,” anasema, akiutoa na kuurudisha upesi. “Kama mimi mwenye sweta mbili vidole havikunjiki, huyo hana hata shati atatembea aje?”

Huyo asiye na shati ni kinyonga. Ua huu una vinyonga kumi na mmoja, kwa hesabu aliyoifanya Kituyi wiki iliyopita. Usiku hulala kwenye ncha za vijiti, upande wa nje, palepale mkasi unapopita. Baridi ya Eldoret huwafanya wazito, na jua lisipowapasha hawawezi kusogea hata chuma kikiwafika shingoni.

Hayo Kituyi hakuyajua alipokuja kutoka Kimilili miaka kumi na minane iliyopita, akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Alifunzwa kazi kama kila mtu: anza mapema, maliza, uwahi ua wa pili. Asubuhi moja ya Julai, kabla ya saa moja, alipitisha panga na kinyonga mnene akaanguka miguuni pake, amepasuka tumbo. Kituyi aliinama akitarajia kuona mayai.

“Niliona watoto,” anasema. “Wamekamilika, wadogo kama msumari, wako ndani ya kitu kama nailoni. Macho inazunguka. Kumbe huyu wa huku kwetu kwa baridi hatagi, anazaa. Nilikaa chini kwa nyasi. Sikukata tena siku hiyo.”

Jioni hiyo chakula kilimshinda. Mkewe, Nasike, alidhani amefutwa kazi.

Tangu hapo hagusi ua kabla ya saa nne. Badala ya nyua mbili kwa siku anakata mmoja, Sh1,500, na wateja wengi wamemhama. Aliyebaki naye muda mrefu zaidi, miaka kumi na mmoja, ni mwenye nyumba hii, Bi Wangeci, ambaye yeye humwita Mama Lynette, naye humwita Kituyi Baba Nekesa, kwa jina la bintiye. Leo hata huyo uvumilivu umemwisha. Kesho wakwe wanakuja kuleta mahari ya binti yake, na ua haujaguswa. Amempigia simu mtu mwingine.

Saa tatu anafika mtu huyo. Anaitwa Joash, ana miaka thelathini na tatu, na begani amebeba mashine ya petroli inayonyoa ua mzima kwa saa moja.

“Mama amesema nikimaliza poa, nitakuwa nakuja kila mwezi,” Joash anasema bila kuficha. “Usinichukie, Mzee.”

“Sikuchukii. Anzia ule upande jua imefika. Hapa kwa gate niachie.”

“Hapa ndio wageni watapitia. Ameniambia nianzie hapa.”

Joash anavuta kamba, mashine inanguruma. Kituyi anausogelea ua. Ananyoosha kidole tu.

Usawa wa kifua, kinyonga aliyejaa kama kifuko cha hela cha mama wa sokoni ameshikilia kijiti. Anainua mkia, anatulia, na kitone chenye utelezi kinadondoka kwenye jani na kunata. Kwa muda hakuna kitu. Halafu kitone kinatikisika, kinapasuka, miguu minne inatoka, na macho mawili yanaanza kuzunguka, kila moja na njia yake. Kabla hujahesabu hadi sitini, kiumbe hicho kimeshashika mwiba na kuanza kupanda, kana kwamba kuna mtu aliyekifunza.

Joash, aliyelelewa akiambiwa kwamba kinyonga akikushika hakuachi, anarudi nyuma hatua mbili. Kisha anazima mashine. Kisha anasogea mbele hatua tatu.

Kituyi machozi yanamlenga. Miaka yote hii amengoja jua kwa ajili yao, na hajawahi kuwaona wakizaliwa.

“Mbona machine imenyamaza?” Mama Lynette anatoka jikoni na aproni yake. Anaonyeshwa. Anaziba mdomo, maana vinyonga anawaogopa, lakini haondoki. Midomo yake inahesabu kimyakimya. Wa saba. Wa nane. Wa tisa anakwama, anapapatika, anashika.

“Mimi Lynette nilimzaa kwa masaa kumi na tisa,” anasema hatimaye, “na nilikuwa na daktari wawili. Huyu hata hapigi kelele.”

“Mama Lynette,” Kituyi anasema, “nitaacha hapa tu, mita mbili. Kwingine kutanyooka.”

“Wageni watauliza.”

“Wacha waulize.”

Mama Lynette anamtazama, anautazama ua. “Mkate nyinyi wawili, jua ikifika. Hapa nitafunga ribbon, watadhani ni decoration. Na mwezi ujao ukuje, saa nne yako hiyo. Lakini Baba Nekesa, mmoja akiingia kwa nyumba yangu, utamtoa wewe.”

Kufikia saa nane mchana ua umenyooka, isipokuwa kichaka kimoja karibu na lango, kimevishwa utepe mweupe, na ndani yake kuna watoto kumi na wanne.

Kituyi ana mpango. Jumapili baada ya kanisa atawakusanya wakata ua wa Kiplombe, anakoishi, awaonyeshe wanapolala vinyonga. “Sisemi waache kazi,” anasema. “Waketi kidogo tu.”

Joash anafunga mashine yake, lakini haondoki.

“Kesho niko na fence kule mtaa wa West Indies, Mzee,” anasema. “Nianze saa ngapi?”

“Ukifika, weka mkono kwa mfuko,” Kituyi anamjibu. “Mkono ukitoka wenyewe, anza.”