Sanda ya Bibi Zaina

Nilipokuwa mtoto kule Kasongo, niliamini kabisa kwamba Bibi Zaina, mama ya baba, alikufa zamani pamoja na rika lake lote, na alikuwa anarudi tu kutupikia sombe, yale majani ya muhogo.

Mchana mmoja nilimkuta chali mkekani, amejifunika kitambaa cheupe mpaka kichwani, chumba kizima kikinuka kafuri. Ndani ya kitambaa sauti ikasema, "Mujukuu, kuya, shika huku miguuni."

Nilikimbia nusura nifike Kabambare, mji wa mbali, na mwaka mzima nikakataa chakula cha mkono wake.

Juzi tulipomzika, kafuri iliponifika puani, nilimsimulia shangazi kisa kile.

"Mupumbafu weye! Ile sanda alijinunulia mwenyewe, kila kiangazi anajipima. Siku ile alikosa tu mutu wa kumushikia upande wa miguu."