Ngozi ya Nyuma ya Sikio

Mwaka ule ungeniambia nitulie, ningekung'ata. Nilikuwa nimeanguka kutoka juu ya lori la ng'ombe kwenye njia ya Hadado, nyonga ikavunjika, na njia ya mkojo ikazibwa na kovu. Mifupa iliunga. Mkojo ukawa unatokea kwenye mpira waliouchomeka chini ya kitovu, unaingia kwenye mfuko niliouficha ndani ya kikoi. Mfuko wenyewe ulivuja. Shehe aliniambia mgonjwa ana udhuru, nije tu msikitini. Nikamjibu kwa hasira kwamba udhuru hauondoi harufu. Nikawa naswali peke yangu uani kwetu, mtaa wa Waberi.

Akaja daktari wa upasuaji kutoka Kenya. Sisi wa Garissa kila kilicho ng'ambo ya daraja la Tana tulikiita Kenya. Alisema atapasua kovu, kisha aitengeneze njia kwa kiraka cha ngozi isiyoota nywele.

“Ya govi ndiyo nzuri zaidi,” akasema.

“Govi! Daktari, langu lilibaki mchangani Hadado nikiwa mtoto. Kawaulize fisi.”

Alicheka mpaka akaketi. Alikuwa amesahau yuko kwa nani. Akaniinamisha kichwa, akapapasa nyuma ya sikio. “Basi tutachukua hapa.”

Mke wangu aliposikia akaguna. “Afadhali. Labda sasa huko chini kutanisikia.”

Sikucheka. Wallahi niliogopa. Kiraka kingekataa kushika, ule mpira wa tumboni ungenifuata mpaka kaburini.

Baada ya upasuaji niliamriwa kulala bila kujigeuza, mpira wa pili ukiwa umepitishwa mbele kwenye njia mpya. Mimi, mtu wa kufuata ng'ombe! Niligombana na muuguzi, na godoro, na nzi. Sikio lilipona upesi. Kwingine hakuna aliyejua.

Siku ya kuijaribu njia ilipofika, wauguzi walichomoa mpira wa mbele, wakaubana ule wa tumboni, wakaninywesha maji, wakanituma chooni. Mke wangu akasimama nje ya mlango. Nikachuchumaa. Kimya. Nikasema Bismillahi, nikatukana, nikaomba msamaha, nikaanza tena. Jasho lilinitiririka mgongoni.

“Waryaa, wewe!” akaita. “Umekufa humo?”

Wakati huo mkojo ulikuwa umeanza kugonga saruji, kidogo kidogo, kisha mfululizo.

“Nyamaza, mama watoto,” nikamwambia huku nalia. “Nasikiliza.”