Mwanzo kwa Dada, Mwisho kwa Mdogo

Mama mkubwa ni dobi, na mtaani wanamwita Mama Pasi. Kola akiinyoosha yeye, unaweza kujikata nayo shingo. Kwa ukaidi pia hajambo. Akishindana na pasi yake, pasi ndiyo itakayopoa kwanza.

Zamani yeye na mdogo wake, yaani mama yangu, walipiga pasi meza moja. Wakachanga, wakanunua riwaya ya kale, nene kama tofali, ya ukoo mmoja uliojengana na kubomoana vizazi kwa vizazi. Nani aanze kusoma? Walibishana asubuhi nzima, mwishowe wakachukua kisu wakakipasua kitabu katikati. Mkubwa akapewa mwanzo kwa ukubwa wake, mdogo akabaki na mwisho, akingoja zamu. Ni hao wawili tu duniani ambao wangeiita hiyo akili.

Kabla mama mkubwa hajamaliza, mama akaolewa, akahamia upande wa pili wa mji na nusu yake sandukuni.

"Ukimaliza, njoo tubadilishane," alimwambia dada yake.

"Tangu lini mkubwa akamfuata mdogo?" mama mkubwa aling'aka.

Ikawa ndiyo basi. Msibani walisalimiana, harusini walicheka pamoja, lakini hakuna aliyempelekea mwenzake kitabu. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nililima mpaka nikazeeka, kapu sikuligusa.

Mama alichoka kungoja, akasoma mwisho bila mwanzo. Humo mlikuwa na mzee kipofu ambaye mama alimpenda kuliko watu wote wa kitabu, na ilimkera kutojua alipofukaje. Ndipo nikageuzwa mjumbe.

"Ukifika kwa dada, muulize. Ila usiseme ni mimi."

Kana kwamba mimi husoma! Mama mkubwa aligeuza shati mezani, akasema, "Mwambie huyo aliyekutuma aje aulize mwenyewe."

Niliuliza mwaka hadi mwaka. Hata mama alipolazwa hospitali, amebaki mifupa, alinishika mkono akauliza, "Dada kasemaje?" Nikaenda mbio kumweleza mama mkubwa kwamba hali ni mbaya. Akasema kesho angekwenda amweleze ana kwa ana. Alifika kweli, akakuta kitanda kimetandikwa shuka jipya.

Baada ya maziko nilimpelekea ile nusu ya pili. Sikuipeleka kwa wema, nilitaka imchome. Akaisoma palepale kazini, shati moja, ukurasa mmoja, na kwa mara ya kwanza nikamwona akiunguza nguo ya mteja. Siku aliyomaliza nilikuwepo. Aligeuza karatasi ya mwisho, akatazama nyuma yake kama kuna kilichobaki.

"Umefurahi?" nilimuuliza.

"Nimefurahi. Maisha yangu yote nilitaka kujua mwisho wake. Lakini nimewazoea watu hawa, na sasa wameniaga wote kwa mpigo. Na mwandishi naye, mjinga kweli! Anatuburuza kurasa zote hizi, halafu anatuacha mlangoni." Akacheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. "Mama yako naye alikasirika hapa mwishoni?"

"Sijui. Hayo alikuwa akiyaweka ayazungumze na wewe."

Akaweka nusu mbili pamoja, akazibana kwa viganja, lakini hazikukaa. Yake ilikuwa imevimba kwa mvuke wa miaka, ya mama ilikuwa nyembamba na safi.

"Ni chokaa," alisema. "Yule mzee kipofu alikuwa akimpakia mdogo wake nyumba, ikamwingia machoni. Hakumwambia mtu, mdogo wake asije akajilaumu. Ipo huku kwangu, kurasa za mwanzo kabisa."

Akavuta shati lililofuata, akalikunjua mezani.

"Haya, nenda kamwambie," alisema, kwa mazoea.

"Nikamwambie wapi, mama mkubwa?"