Alama ya mutoto wangu chini ya udongo

Ukuta wangu umeanguka leo asubuhi, umemuvunja Mama Feza muguu!

Bandugu wa kijiji cha Swima, jambo kwanza.

Munajua mutoto wangu Asukulu ndiye karani anayepimia Serikali nyumba zote za muji wa Baraka. Zile mbovu anatia alama nyekundu, zibomolewe. Jicho kama lake hakuna.

Juzi akatia alama kwa nyumba yangu, ukutani penye ufa.

Mimi, mama ya karani! Nikaona haya. Mi na jirani yangu Mama Feza tukakanda udongo, tukafunika alama na ufa wote. Ukuta ukapendeza kama bibi-arusi.

Kumbe ule udongo mubichi ulikuwa muzito. Mama Feza alikaa pale kivulini, ukuta ukamulalia.

Asukulu akakuja mbio. Udongo umebanduka, alama yake inaangalia batu.

"Mama, nani alipaka hapa?"

Nikainama kuokota udongo.

Mama Feza akajibu kutoka kwenye machela: "Tulikuwa babili, baba. Andika babili."

Akaandika. Jina langu akalitanguliza. Maandishi mazuri, kama siku zote.

Musinitumie pole. Kuta tatu bado zinasimama, na batoto banapita pale. Mukuje wote na majembe tuzibomoe, siku ya posho, Jumamosi, asubuhi.