Leso ya Mlingoti

Naikumbuka siku moja kule Msambweni, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Usinikunjie uso, kaa chini. Jumamosi nilikuwa kando ya uwanja wetu, nikakuona ukiwapiga chenga mabeki watatu na mpira ukaupoteza kwa wa nne, na Rama yuko peke yake kushoto, mkono juu, sauti imemkauka kwa kukuita. Mechi ikaisha bila bao, nawe ukaenda kumwuliza mwenzako kama zile chenga amezirekodi kwenye simu. Wallahi niliinuka nikaenda zangu, maana ningebaki ningetamka maneno ambayo mtu mzima hayasemi mbele za watu. Leo tuko wawili, nitayasema.

Katika ujana wangu nilikuwa golikipa wa timu hii hii. Golikipa huona migongo ya wenzake tu, na mgongo haufichi tabia. Kocha wetu alikuwa Mzee Mbwana, Mungu amrehemu, fundi wa kuezeka makuti, aliyeacha kazi za watu zimngoje kwa ajili yetu. Mabeki tulikuwa nao, na mimi, si kujisifu, nilikuwa nadaka. Ugonjwa wetu ulikuwa mbele. Tulikuwa tukienda mechi na kurudi na sare tasa, mpaka watoto wakatutungia nyimbo.

Mzee Mbwana akahangaika kutafuta washambuliaji. Akamleta kijana wa Lunga Lunga, mazoezi yakamshinda akarudi kwao. Akaleta mwingine wa Matuga, hodari kwelikweli, lakini leo yupo kesho hayupo. Mwisho akachoka akasema nguo ya kuazima haisitiri matako, akawachukua vijana wetu wenyewe: Bakari katikati, Hamisi kulia, Nassoro kushoto.

Akawafunza kwa njia iliyowachekesha watu. Aliing'oa milingoti ya magoli uwanjani kwetu akaenda kuiweka nyuma ya nyumba yake, ikarudi siku ya mechi tu! Mazoezi yakawa ni kupasiana tu, jioni nzima, na mpira usipopita kwa wote watatu wanaanza upya. Mimi golikipa sina goli, nimesimama pale kama mgeni asiyekaribishwa. Bakari akalalamika: "Mzee, mimi ni mfungaji. Nitajifunzaje kufunga bila goli?"

"Goli halikimbii, Bakari," Mzee akamwambia. "Anayekimbia ni mwenzako. Jifunze kumwona yeye."

Mambo yakaiva. Nassoro anapeleka, Hamisi anarudisha ndani, Bakari anamaliza. Tukaanza kushinda, na wale wale waliocheka wakawa wa kwanza kufika uwanjani.

Hapo ndipo ikaingia habari ya leso. Unajua kwetu mtu akicheza ngoma vizuri hutuzwa. Basi kina mama, wakiongozwa na Bi Mwanamisi, mkewe Mzee Mbwana, wakaileta desturi hiyo kwenye mpira. Kipenga cha mwisho kikilia, aliyefunga bao anavishwa leso mpya shingoni, anabebwa mabegani, anapitishwa nyumba kwa nyumba kwa vigelegele. Jambo zuri, silikatai. Lakini leso ilikuwa ya mfungaji peke yake. Nassoro ndiye aliyekuwa akiyapika mabao yale, na msafara ukipita yeye yuko nyuma, amebeba mpira na njumu za wenzake. Hata kwa maji hakuna aliyemkumbuka.

Hamisi akaionja leso mara moja, akaacha kurudisha mpira ndani. Bakari alipoona hapewi, naye akakataa kutoa. Mzee Mbwana akiwaonya wanaitikia "Naam, Mzee," wakiingia uwanjani kila mtu na lake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tukaenda Msambweni kwa mechi ya mwisho. Tukishinda tunapanda daraja, tukitoka sare tumekosa, na kupanda daraja ndicho kitu pekee Mzee Mbwana alichokitaka kutoka kwetu. Siku hiyo nilidaka mpaka viwiko vikachubuka. Kule mbele Nassoro anapiga krosi juu ya krosi. Hamisi anaupata, Bakari yuko wazi, Hamisi anapiga mwenyewe: mlingoti! Bakari anaupata, Hamisi yuko wazi, Bakari anapiga mwenyewe: mlingoti ule ule! Mwisho kabisa Nassoro akawapita mabeki, akawawekea mpira mbele ya lango, kipa wao ameshalala chini. Wakaugombania wao kwa wao, watu wa jezi moja, wakaangushana. Refa akapuliza kipenga. Sare tasa.

Nilikimbia uwanja mzima niende nikawapige. Ndiyo, kuwapiga, sikufichi. Lakini Bi Mwanamisi alikuwa amekwisha kufika, leso mkononi, bado ina mikunjo ya dukani. Bakari akainamisha shingo, sijui alidhani anakuja kuvishwa kwa lipi. Mama akampita. Akampita na Hamisi. Akaenda moja kwa moja mpaka golini, akaifunga leso kwenye mlingoti na kulikaza fundo.

"Leo aliyepewa pasi ni huyu," akasema. "Hamisi kampa, Bakari kampa. Haya, mbebeni. Mpelekeni nyumbani."

Hakuna aliyecheka. Bakari akasema, "Mama, tuwie radhi."

"Radhi iko kwa yule," akajibu, akamwonyesha Nassoro.

Nassoro alikuwa ameketi chini akifungua kamba za njumu. Alizivua, akamkabidhi Mzee Mbwana kwa mikono miwili. "Ahsante, Mzee. Kupika na kushinda njaa nimechoka." Wiki ile akaenda Lunga Lunga kupakia malori. Bakari na Hamisi walimfuata huko kumwomba, wakarudi wawili vile vile. Bi Mwanamisi akatangaza kwamba kuanzia hapo leso ni ya mtoa pasi. Vyema sana, lakini mtoa pasi alikuwa amekwenda. Safu ile haikusimama tena, na Mzee Mbwana akafariki kabla timu yake haijapanda. Hilo linanikera mpaka leo, na sitaki kuambiwa nisahau.

Sasa sikiliza. Jana Rama alipita hapa. Alinipa shikamoo yake kwa adabu, akaniambia ameitwa na timu moja ya Ukunda na anakusudia kwenda. Sikuwa na la kumzuia nalo. Ningemwambia nini, abaki akutazame ukijirekodi?

Nasaha yangu ni hii, mwanangu, na naitoa kwa ukali kwa sababu upole wa Mzee Mbwana niliwaona kina Bakari wakiupuuza. Safu ya mbele haijengwi kwa kuleta majina, hujengwa kwa kumwona aliye kando yako kabla hujaliona lango. Na anayekulisha mshukuru angali yupo, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Usingoje Jumamosi. Inuka sasa hivi uende kwao Rama, ubishe hodi, umwombe radhi kwa kinywa chako, na simu yako uiache hapa.

Leso ile niliifungua mimi siku ile Msambweni, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuigusa. Iko ndani kwenye sanduku. Jumamosi naja nayo uwanjani, na natamani niivishe shingo ya mtu. Mola akupe mguu mwepesi na moyo mwepesi wa kutoa, akufungue macho kabla ya kukufungulia lango, na asikuonyeshe mgongo wa rafiki anayeondoka kwa sababu yako. Amin. Haya nenda, Rama bado hajafunga mzigo.